Mdomo Wake, Sauti ya Nani?

Sehemu ya kumi na moja

Tulipoachana, Besi alikuwa amesimama safu ya tatu ya ule ukumbi mdogo wa kuonyeshea filamu, mkono kifuani, macho yamemtoka. Kwenye pazia mdomo ulikuwa wake. Meno yake, midomo yake, hata kile kidoti cheusi juu ya mdomo. Lakini sauti iliyokuwa inatoka pale haikuwa yake hata kidogo. Ilikuwa nyembamba, laini, kama ya mtu anayeomba samahani kwa kuzaliwa.

Wewe msomaji unaijua sauti ya Besi, ndiyo iliyompa hilo jina. Miaka kumi na tano iliyopita alikuwa anatangaza mabasi stendi kuu, na watu wasiosafiri popote walikuwa wanakuja kukaa kwenye mabenchi ili wamsikie tu akitaja saa za kuondoka. Sauti nzito, yenye mkwaruzo, sauti ya kukushika shati. Hiyo ndiyo iliyomtoa kwenye kibanda cha matangazo ikamweka kwenye mabango ya sinema. Sura yake, tuseme ukweli, ni ya kawaida tu.

"Zima hiyo," alisema.

Hakuna aliyezima. Mbele yake walikaa wasambazaji wawili, wale mabwana wenye majumba ya sinema, ambao Ijumaa hii filamu inaanza kuonyeshwa kwao. Walikuwa wanatafuna karanga. Mmoja aligeuka kumtafuta mwanamume aliyekuwa anaongea nyuma yake, akamwona Besi.

"Kumbe ni wewe, mama. Nisamehe, nilidhani ni mlinzi." Akanyoosha kidole kwenye pazia. "Lakini pale umeweza. Hatimaye unaongea kama mwanamke."

Mwenzake alicheka hadi karanga zikamwagika.

Besi alimjibu maneno matatu ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Kisha akaenda moja kwa moja hadi kwenye mashine ya kuonyeshea, akachomoa waya ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Ukumbi ukawa giza.

"Washeni taa," ilisema sauti kavu kutoka safu ya nyuma. "Na huyo mumtoe nje."

Alikuwa ni Wifi.

Kwa wale mnaoanza nasi leo, Wifi ni dada mkubwa wa mume wa Besi, na ndiye mwenye kampuni. Mume wa Besi ndiye mwongozaji wa filamu, maana yake anawaongoza watu wote isipokuwa dada yake. Tangu siku ya harusi Wifi hajawahi kumwita Besi kwa jina. Anamwita "huyo", na akiwa na furaha sana anamwita "huyo wa stendi".

Walipambana kwenye korido, chini ya mabango ya Ijumaa ambayo gundi yake ilikuwa bado mbichi.

"Nani huyo anayeongea kwenye mdomo wangu?"

"Shusha sauti. Wageni wanakusikia."

"Wacha wasikie. Watu wanalipa kiingilio ili wanisikie."

"Walikuwa wanalipa," Wifi alisema. "Filamu mbili zilizopita wametoka katikati. Unajua wanasema nini mlangoni? Wanasema yule mama anatugombeza. Mtu kagombezwa kutwa nzima kazini kwake, hataki kuja kugombezwa na pazia. Uso wako bado nauuza. Koo lako limenichosha."

"Mkataba wangu unasema hakuna sauti nyingine itakayowekwa bila sahihi yangu."

"Ni kweli, unasema hivyo." Wifi alifungua mkoba wake taratibu. "Na sahihi yako ndiyo hii."

Besi aliinyakua karatasi. Jina lilikuwa lake. Ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho ulikuwa wake. Tarehe ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Na hapo juu iliandikwa kwamba yeye, kwa hiari yake, amekubali sauti yake iondolewe kwenye filamu na iwekwe nyingine.

"Hii umeghushi."

"Sijaghushi kitu. Hebu kumbuka vizuri."

Besi alikumbuka.

Ngoja nikueleze kazi hii inavyokwenda, maana bila hivyo utadhani mwenzetu ni mjinga. Filamu inapigwa nje, na huko nje kuna upepo, kuna mbwa, kuna pikipiki zinapita. Kwa hiyo picha zikiisha, mwigizaji anarudi chumba cha sauti, anautazama mdomo wake kwenye skrini na kuyasema upya maneno yote, safi, moja baada ya jingine. Filamu inakatwa vipande ishirini na mbili. Kila kipande kikiisha fundi anakuletea karatasi utie sahihi kwamba umekimaliza na umeridhika. Karatasi zote zinafanana, koo linawasha, macho yanauma, wewe unawaza maji ya moto tu. Sijawahi kukutana na mwigizaji anayezisoma. Nyingine Besi alizitia sahihi hata bila kuvua hedifoni masikioni.

Na moja, humo katikati, haikuwa ya kipande chochote.

"Uliichomeka kwenye zile za chumba cha sauti," alisema polepole.

"Kuna watu husoma kabla ya kutia sahihi. Ni tabia nzuri."

Besi alimgeukia mumewe, aliyekuwa amesimama kando akilisoma bango kana kwamba hajawahi kuliona.

"Wewe ulijua?"

"Tutaongea nyumbani."

"Nimekuuliza kama ulijua."

"Dada ndiye mwenye kampuni," alisema. "Mimi ningefanya nini?"

"Ungeniambia. Tunalala kitanda kimoja."

Akarudi kulisoma bango. Tusimwonee sana, mwanamume huyu hajajibu swali lolote mbele ya dada yake tangu akiwa na miaka saba.

"Ijumaa watu watakuja kukuona," Wifi alisema akiirudisha karatasi mkobani. "Kukuona tu, inatosha. Saa sita kamili leo fundi anaifuta sauti yako, filamu inakwenda kwa wasambazaji. Ikishafutwa, hata uende mahakama gani, hakuna cha kurudisha. Nenda nyumbani ukapumzishe koo."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika ishirini. Besi alivua viatu vya visigino, akavishika mkononi, akapanda ngazi mbio.

Chumba cha sauti kiko ghorofa ya pili, mwisho wa korido. Kuta zimebandikwa trei za mayai za kumeza mwangwi, zulia limekula vumbi la miaka. Feni ipo, ila huzimwa mtu akirekodi, kwa hiyo joto lake utadhani kuna mtu anapiga pasi humo. Fundi wa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, alikuwa anakula mkate mkavu mbele ya kompyuta. Besi aliingia, akafunga mlango, akautumbukiza ufunguo ndani ya blauzi yake.

"Dada Besi, usinitie matatani."

"Umeshajitia mwenyewe. Ile karatasi uliniletea wewe."

Fundi aliweka mkate chini. "Niliambiwa niichanganye kwenye rundo. Naapa sikuisoma."

"Basi tuko wawili ambao hatukuisoma. Sauti yangu ipo?"

"Bado ipo." Alimwonyesha skrini. Kulikuwa na mistari miwili mirefu iliyojaa vilima na mabonde, mmoja juu ya mwingine. "Wa juu ndio wewe. Wa chini ndio yeye. Saa sita nafuta wa juu."

"Futa wa chini."

"Siwezi."

"Ukifuta wa chini watapeleka nini kwa wasambazaji?"

"Watapeleka ya kwako, watake wasitake. Hakuna muda wa kurekodi tena. Lakini kesho yake mimi nafukuzwa, na kwa umri huu nani ananichukua?"

"Huyo mwanamke ni nani?"

"Niliapishwa nisiseme, dada."

"Ulipoapishwa, walikukataza nisisikilize?"

Fundi alifikiri. Hilo kweli hawakulikataza. Akabonyeza.

Sauti ilitoka peke yake, bila muziki, bila hatua za miguu, bila mlango kufungwa. Besi alisikiliza akiwa amekunja uso. Alitaka kuichukia na alifanikiwa. Ilikuwa nyembamba, tena ya puani kidogo. Lakini kadiri ilivyoendelea ndivyo kitu kingine kilivyozidi kumkera. Mwanamke huyu alikuwa anamuiga. Kabla ya neno la hasira alivuta pumzi fupi, kama Besi. Mwisho wa sentensi aliiteremsha sauti na kuiacha hapo hapo, kama Besi. Mambo hayo hayakuandikwa popote kwenye karatasi za maneno.

"Mwizi huyu kanisoma sana," alisema. "Kakaa na mimi wapi?"

Fundi alikohoa. "Nikwambie kitu cha kifundi, hutanipiga?"

"Sema."

"Kipande cha kumi na tisa, cha kwake ni bora kuliko chako."

Mwambie mwigizaji mama yake mchawi, atakusamehe. Hilo la fundi ni zito zaidi. Besi aliviinua kidogo vile viatu mkononi, na fundi akasogeza kiti chake nyuma.

Kipande cha kumi na tisa ni pale mama anapomwacha mtoto wake mlangoni na kuondoka. Kwenye karatasi mama anasema, "Mama atarudi, mwanangu." Lakini siku ya kupiga picha Besi alisahau, akasema kitu kingine kilichomjia mdomoni. Jenereta lilikuwa linanguruma pembeni, maikrofoni haikushika neno hata moja. Alipokuja kurekodi aliutazama mdomo wake zaidi ya mara thelathini asijue alisema nini. Mwishowe alisema ya kwenye karatasi, mdomo ukaenda huku, maneno yakaenda kule.

"Yeye alitazama mara moja," fundi alisema. "Mara moja tu, dada. Hata maikrofoni nilikuwa sijawasha. Akayasema papo hapo, nikawasha akayarudia, na yakakaa pale mdomoni kama yalivyozaliwa. Nina miaka ishirini na sita kwenye kazi hii, sijapata kuona."

"Alisema nini?"

Fundi alibonyeza.

"Ukilia, sirudi," ilisema ile sauti nyembamba.

Besi alikaa. Kiti hakikuwepo, akakaa kwenye zulia.

Maneno hayo aliyasema kila alfajiri miaka ile ya stendi, basi la kwanza likiwa linaondoka saa kumi na moja. Hakumwambia mumewe. Hakuwaambia waandishi wa habari waliomuuliza habari za maisha yake. Aliyasema kwa mtu mmoja tu hapa duniani, na mtu huyo alikuwa na miaka minne.

Taa ndogo ya njano juu ya mlango ilikuwa inawaka na kuzima. Chumba cha sauti hakina kengele. Mtu wa nje akibonyeza, taa ndiyo inayosema.

"Mfungulie," fundi alisema, akichungulia kidirisha cha mlango. "Amesimama hapo muda."

Besi aliutoa ufunguo, akafungua. Mlangoni alisimama binti yake.

Ana miaka kumi na tisa, na huu ni mwaka mzima hajakanyaga kwao. Siku aliyoondoka alikuwa amesema anataka kuigiza, na Besi, mbele ya wageni, alimjibu, "Kwa sauti hiyo ya mbu? Nani atatoa hela yake ili asumbuliwe?" Wageni walicheka. Binti alifunga begi lake, akahamia kwa shangazi yake. Wifi alimpokea kwa mikono miwili, na sasa mnajua kwa nini.

"Shangazi kanituma niangalie fundi asifanye ujinga," binti alisema.

"Ni wewe."

"Ni mimi. Umenisikiliza dakika ishirini pale chini, mama. Nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na Shangazi. Nilikuwa nasubiri ugeuke."

"Ningejuaje? Hujawahi kuongea hivyo mbele yangu."

"Hujawahi kuniacha nimalize sentensi."

Fundi aliomba ruhusa aende chooni. Besi akamvuta binti ndani, akafunga mlango tena kwa ufunguo, akamwambia fundi akae.

"Yale maneno ya kipande cha kumi na tisa uliyajuaje? Hata mimi mwenyewe sikuyakumbuka."

"Wewe hukuyakumbuka." Binti alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. "Ukishafunga mlango nilikuwa nakimbilia dirishani. Kioo kilikuwa kinene, sauti haipiti. Unafika pale getini unageuka, unaniona nalia, unasema tena. Kila siku. Mdomo wako niliujua kabla sijajua kusoma. Filamu nzima nimeifanya hivyo hivyo. Fundi akinipa karatasi za maneno naziweka kando."

Hapa, ndugu msomaji, Besi angeweza kusema neno moja zuri. Lilikuwepo, na mimi nina hakika lilifika hadi kooni. Lakini aliitazama saa, akaona zimebaki dakika sita.

"Umefanya kazi nzuri," alisema. "Sasa mwambie fundi aifute."

"Hapana."

"Ni mdomo wangu."

"Na kazi ni yangu. Shangazi kaniahidi filamu ijayo, uso wangu na sauti yangu, kama hii itakwenda Ijumaa. Isipokwenda sina kitu. Narudi kuwa mbu."

"Anakudanganya. Leo anatumia koo lako kunifukuza mimi, kesho atatafuta koo lingine akufukuze wewe."

"Labda. Lakini yeye aliniomba nisome ukurasa mmoja, akanisikiliza mpaka mwisho."

"Mimi ni mama yako."

"Ndiyo. Na ulinicheka mbele ya watu."

Besi alisimama kutoka kwenye zulia. Alipoongea safari hii trei za mayai ukutani zilifanya kazi yake yote, na bado fundi alishika masikio.

"Nisikilize vizuri. Mimi sina sura. Mimi nina sauti, basi. Ikifutwa leo, kuanzia Ijumaa mimi ni sanamu la kupigwa picha, nafungua mdomo kama samaki halafu wengine wanaongea. Nani ataniita tena kwenye kazi? Sauti hii ndiyo iliyokulisha. Ndiyo iliyokusomesha."

"Najua," binti alisema. "Watu wa stendi waliisikia kuliko mimi."

Hilo lilimchoma Besi, na akichomwa yeye huwa hanyamazi.

"Kwa hiyo unanilipizia."

"Nafanya kazi. Ulitaka nilie?"

Taa ya njano iliwaka tena, mara hii bila kukatika. Kwenye kidirisha cha kioo cha mlangoni ulionekana uso wa Wifi, umevimba kwa hasira, na nyuma yake mume wa Besi akijifuta jasho. Wifi alikuwa anapiga mlango kwa kiganja, na humo ndani hakikusikika kitu. Alionekana akimtuma mtu ufunguo wa akiba.

"Saa sita kasoro dakika mbili," fundi alisema. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. "Jamani, mimi nitafuta sauti moja. Akiingia yule mama na kutukuta hivi nimekwisha tu, nifute ipi nisifute ipi. Niambieni nifute ya nani."

Besi alimtazama binti yake. Alimtazama usoni, macho kwa macho, labda kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Binti naye alimtazama, hakupepesa.

"Yake," walisema wote wawili, kwa pamoja, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole.

Fundi aliwageukia, mmoja baada ya mwingine, akisubiri japo mmoja arudishe neno lake. Hakuna aliyelirudisha. Ufunguo wa akiba ulikuwa umeshaingia kwenye kitasa na ulikuwa unazungushwa.

"Haya," alisema. "Nitachagua kama fundi."

Akabonyeza. Mstari mmoja ulitoweka kwenye skrini, na mama na mwana wakainama kwa pamoja kutazama ni upi.